Maswali ya Wasomaji: Je, Jina Langu Limo Daftarini?

Barua za mwezi huu zimetoka Kajiado, Samburu, Narok, Pokot Magharibi na Mau nchini Kenya, na Longido nchini Tanzania. Waandishi wake ni watu wa jamii za wafugaji na za wawindaji, na isipokuwa mzee mmoja wote ni wanawake, ambao wanauliza kwa njia mbalimbali swali lilelile: msaada wa serikali tunaousikia redioni unapita wapi hadi kumfikia mwanamke wa huku kwetu? Baadhi yao wako katika shughuli ambazo hazitasubiri toleo lijalo, kwa hiyo nimejibu kwa kirefu pale palipohitaji.

Swali: Mimi ni mjane wa miaka 38, mama wa watoto wanne. Nilizaliwa katika jamii nyingine, nikaolewa katika ranchi ya kikundi huku Kajiado, na mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa ranchi inasajiliwa upya kuwa ardhi ya jamii. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwamba daftari ni la wenye boma, yaani wanaume, na kwamba nafasi ya marehemu itashikwa na shemeji yangu kwa kuwa mwanangu wa kiume ana miaka 11 tu. Je, serikali inanitambua mahali hapa, au nirudi kwetu? — *Mjane, Kajiado*

Jibu: Pole sana, mama, kwa msiba na kwa jibu ulilopewa juu ya msiba. Usifunge mizigo. Maneno uliyoambiwa yanatokana na utaratibu wa sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na wanachama, sheria ambayo imekwisha kufutwa. Chini ya sheria hiyo, daftari la wanachama kwa kawaida liliandikwa majina ya wanaume wakuu wa familia, na mke alihesabiwa ndani ya jina la mumewe. Mume akifa, mke naye alitoweka katika karatasi, ingawa ndiye aliyekuwa akikamua, akiteka maji na kuijenga nyumba kwa mikono yake. Wazee wengi walizoea daftari hilo kwa karibu miaka 50, na si ajabu kwamba wanaliendeleza hata sasa.

Leo inayotawala ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kifungu cha 30 kinakataza ubaguzi wa aina yoyote katika ardhi ya jamii, kinataka wanawake watendewe sawa na wanaume, na kinasema waziwazi kwamba mtu aliyeoana na mwanajamii anakuwa mwanajamii moja kwa moja. Uanachama huo haukomi mume anapofariki. Unakoma tu ikiwa ndoa ilivunjwa kisheria na mwanamke akaolewa tena, au ikiwa mjane ameolewa tena baada ya kifo cha mumewe. Binafsi naona si haki kwamba sharti hili la kuolewa tena limewekwa kwa mwanamke peke yake, na natumaini Bunge litalirekebisha siku moja. Kwako wewe, hata hivyo, sheria ilivyo sasa inatosha: hujaolewa tena, kwa hiyo u mwanajamii kwa nafsi yako, wala huhitaji kushika nafasi ya marehemu wala kumpisha shemeji. Watoto wako wote wanne, wa kike na wa kiume, nao ni wa jamii hiyo.

Nakuomba uelewe kwa nini jina katika daftari lina uzito kiasi hiki. Mkutano mkuu wa jamii ni wa watu wazima wote wa jamii, wanawake wakiwemo, na ndio unaochagua kamati ya usimamizi wa ardhi yenye wajumbe 7 hadi 15. Uamuzi wa kuuza ardhi ya jamii au kuitoa kwa njia nyingine hauwi halali mpaka uungwe mkono na theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Fikiria basi daftari lenye wanaume peke yao: theluthi mbili ya daftari hilo ni theluthi moja tu, au pungufu, ya watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Wanawake wakiandikwa, hakuna kipande kinachoweza kuuzwa bila kuwashirikisha. Ndiyo maana ninasema kwamba pambano lako halihusu heshima tu, bali linahusu iwapo watoto wako watakuta malisho.

Fanya hivi. Andika barua fupi, kwa Kiswahili ukipenda, ukiomba jina lako na majina ya watoto wako yaingizwe katika daftari, nawe utaje kifungu cha 30. Ipeleke kwa wanaosimamia usajili, nakala moja kwa msajili wa ardhi ya jamii katika kaunti na nyingine kwa chifu, na kila nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako, cheti cha kifo cha mumeo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama ndoa yenu ya kimila haikusajiliwa, hati ya kiapo pamoja na wazee wawili walioshuhudia mahari zitasaidia sana. Kisha uhudhurie mkutano wa kuchagua kamati, ukiwa pamoja na wajane wenzako, kwa maana sauti moja hunyamazishwa kwa urahisi kuliko sauti kumi. Katiba, katika Ibara ya 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja, kwa hiyo dai viti vya wanawake katika kamati hiyo kabla kura hazijapigwa.

Jambo moja zaidi. Ukisikia kwamba wazee wanataka kuigawanya ranchi na kutoa hati za mtu mmoja mmoja kabla ya jamii kusajiliwa, sheria hairuhusu ardhi ya ranchi ya kikundi kuuzwa, kukodishwa wala kugeuzwa kuwa ya mtu binafsi kabla ya usajili huo. Mkishindwa kusikilizana nyumbani na kwa upatanishi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kupitia huduma ya taifa iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Swali: Sisi ni wanawake 14 wa Samburu tunaosuka shanga. Tumeambiwa kuna fedha za serikali za wanawake, lakini kila anayetuletea habari anataka alipwe kwanza. Ni zipi na zinaombwaje? — *Katibu wa kikundi, Wamba*

Jibu: Msimlipe mtu yeyote, dada zangu. Anzeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, mkasajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, mfungue akaunti ya benki na muwe na kumbukumbu za mikutano. Bila cheti hicho milango yote imefungwa. Mkikipata, mnaweza kuomba katika Mfuko wa Wanawake wa mwaka 2007 na katika Mfuko wa Uwezo, ambayo yote hutoa mikopo ya masharti nafuu. Mkumbuke kwamba ni mikopo: mkikopa kabla ya kiangazi na mifugo ikafa, deni halifi. Mfuko unaosimamiwa pamoja na Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti yenu ndio unaotoa pia ruzuku, na kwa kikundi kinachoanza mimi ningeanzia hapo. Baadaye, mkitaka kuiuzia serikali bidhaa, kumbukeni kwamba asilimia 30 ya manunuzi yake imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Swali: Nina wake wawili, mabinti watano na wavulana watatu. Nina shamba lenye hati kwa jina langu, ng'ombe, na ploti mjini Narok. Nasikia serikali inataka mabinti warithi. Kwetu binti aliyeolewa ana kwao kwingine. Sitaki kuasi sheria, wala sitaki watoto wangu waburutane mahakamani nikiwa kaburini. — *Mzee, Narok*

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Nakushukuru kwa kuuliza ukiwa hai, kwa kuwa barua nyingi za mirathi ninazozipokea huandikwa na watoto ambao baba yao hakuuliza.

Narok ina historia yake katika jambo hili. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawapa watoto wote haki sawa pale marehemu asipoacha wosia, bila kujali kama ni wa kike au wa kiume. Lakini vifungu vya 32 na 33 viliziweka kando wilaya kumi na mbili za wafugaji na za mipakani, zikiwemo Narok, Kajiado, Samburu, Turkana, Pokot Magharibi, Marsabit, Isiolo, Tana River na hata Lamu. Katika wilaya hizo ardhi ya kilimo, mazao na mifugo viliachiwa mila. Tazama jinsi ilivyokuwa: mabinti waliokuwa mbali zaidi na shule, hospitali na mahakama ndio hao hao walioondolewa kinga ambayo mabinti wa sehemu nyingine za Kenya walipewa. Nikisoma vifungu hivyo huwa nahuzunika kila mara.

Hata hivyo mahakama hazikukaa kimya. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Rono iliyotoka Bonde la Ufa, iliamua kwamba mabinti hawawezi kupunjwa kwa sababu eti wataolewa. Mwaka 2008 Jaji Kalpana Rawal wa Mahakama Kuu alifika hatua ya mbele zaidi, katika mirathi ya mzee wa Kimaasai wa hukohuko Narok: alikataa mila itumike kuwanyima mabinti urithi wa baba yao, ingawa kifungu cha 33 kilitajwa mbele yake. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 2 inabatilisha mila yoyote inayopingana nayo. Kwa hiyo ukifariki bila wosia huku ukitegemea mila iwakate mabinti, kesi unayoiogopa ndiyo utakayokuwa umewaachia.

Njia yako ni wosia. Vifungu vile vya mila vinahusu mtu aliyekufa bila wosia. Anayeuandika anapanga mwenyewe, mradi asimwache mke au mtoto anayemtegemea bila riziki ya kutosha. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na ni afadhali wasiwe miongoni mwa warithi. Taja kila mke na nyumba yake, taja kila binti kwa jina. Mila yenu yenyewe inajua kwamba ng'ombe waliotengewa nyumba ya mama mmoja hawachukuliwi kwa ajili ya nyumba nyingine, basi anzia hapo. Ploti ya mjini haikuwemo katika vile vilivyoachiwa mila, na baba wengine wamepata amani kwa kuwapa mabinti hisa katika ploti na mifugo kadhaa, huku ardhi ikibaki kwa jina la ndugu wote kwa pamoja. Mimi ningependa waingie katika ardhi pia. Zungumza nao wote, mabinti wakiwa wamekaa hapo, kabla ya kuandika.

Swali: Nimeolewa Pokot Magharibi. Sikukeketwa, na mume wangu alijua hivyo. Mama mkwe na mawifi wananiita mtoto, hawanikaribishi katika vikao vya wanawake, na sasa wamesema nitakeketwa nitakapojifungua. Nina mimba ya miezi saba. — *Mke kijana*

Jibu: Mwanangu, barua yako nimeijibu kwa posta kabla ya toleo hili, kwa kuwa miezi miwili ni michache. Narudia hapa kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yako.

Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote, si msichana mdogo pekee, na ridhaa ya mwanamke mwenyewe haimpi mkeketaji kinga. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Hata matusi unayotupiwa ni kosa: kifungu cha 25 kinamwadhibu anayemdhihaki mwanamke kwa kutokeketwa au mwanamume kwa kumwoa, kwa kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua shilingi 50,000. Anayejua mpango kama huo asiutolee taarifa naye ana hatia. Tena sheria hiyohiyo inaiagiza serikali iwape hifadhi na huduma wanawake walio hatarini, na ni haki yako kuidai.

Najua kwamba kumshtaki mama mkwe si jambo la siku moja. Mwambie mume wako kwanza, kwa kuwa naye anadhihakiwa pamoja nawe. Panga kujifungulia katika kituo cha afya, umweleze mkunga hofu yako mapema, na baada ya hapo ukae kwa mtu unayemwamini mpaka upate nguvu. Simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia usiku na mchana, na kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ni 116.

Swali: Mimi ni Mogiek wa msitu wa Mau. Tunaitwa jamii asilia, lakini jirani zetu wanauliza: nani asiye mwasilia katika Afrika? Tena tulishinda kesi Arusha, na mimi kama mwanamke sijaona kitu. — *Mama wa Mau*

Jibu: Swali la jirani zako, mama, limewahi kuulizwa na serikali pia. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Jamii Asilia lilipopigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007, Kenya ilijizuia kupiga kura. Katiba ya 2010 ilijibu kwa njia yake. Ibara ya 260, inapoeleza jamii zilizotengwa, inataja jamii asilia iliyodumisha maisha ya uwindaji na ukusanyaji, na inawataja pia wafugaji waliobaki pembeni kwa sababu ya umbali. Hoja si nani alitangulia kufika barani. Ni nani ambaye maisha yake yamefungamana na msitu au malisho fulani kiasi kwamba akiondolewa hapo anapoteza chakula, dawa, asali na hata mahali pa kufanyia ibada.

Ndivyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilivyoona Arusha tarehe 26 Mei 2017, ilipoamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Fedha hizo hazikuamriwa zigawiwe mkononi, bali ziwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii, utakaosimamiwa na kamati yenye wawakilishi wa Waogiek. Pamoja na hukumu zote hizo, mwezi Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, mvua ikinyesha. Anayefukuzwa na mtoto mgongoni ni mwanamke, na sioni namna ya kulisema jambo hilo kwa upole.

Unaloweza kulidai sasa ni nafasi yenu katika kamati ya mfuko na katika orodha ya hati ya pamoja. Mwezi Oktoba 2022 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa Pendekezo la Jumla namba 39 kuhusu wanawake na wasichana wa jamii asilia, nalo linataka washirikishwe wao wenyewe katika maamuzi ya ardhi. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 1984. Wazee wenu waliposimama Arusha waliidai serikali iwasikilize. Nanyi kina mama mna haki ya kuwaomba wao kitu hichohicho.

Swali: Huku Longido kijiji chetu kimepimwa na watu wanapewa hati za kimila. Mume wangu ana wake watatu, mimi ni wa pili. Karani amesema fomu ina nafasi ya jina la mume. Je, naweza kuwa na jina langu? — *Mama wa Longido, Tanzania*

Jibu: Unaweza, mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila itolewe kwa mtu mmoja, kwa wanandoa au kwa kikundi. Wahadzabe wa Yaeda, ambao ni wawindaji, walipata ya kikundi mwaka 2011. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, na halmashauri ya kijiji inatakiwa ilipokee ombi la mwanamke kama inavyolipokea la mwanamume.

Kwa ndoa ya wake wengi, namna iliyo salama zaidi ni kila mke aombe hati ya eneo analolima na kukaa, kwa jina lake au pamoja na mume, badala ya hati moja ya mume inayobeba nyumba tatu. Malisho yaachwe nje ya hati hizo, yabaki ya pamoja, maana yakikatwa vipande mifugo haina pa kwenda. Kaeni kwanza ninyi wake watatu mkubaliane mipaka, kisha mwende kwa mume mkiwa na neno moja. Karani akikataa, mfikieni mwenyekiti wa kijiji, na ikishindikana, baraza la ardhi la kijiji, ambalo kati ya wajumbe wake saba watatu lazima wawe wanawake. Ulizia pia siku ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuuhudhuria na kusema. Fomu isisainiwe wala kutiwa dole gumba kabla hujasomewa majina yote yaliyoandikwa juu yake, kwa sauti, mbele ya mtu mwingine anayejua kusoma.